Pete ya Almasi Si Sharti la Posa



Ndugu zetu wa Nakivale na Mbarara, tuzungumze waziwazi juu ya jambo linalochelewesha ndoa za vijana wetu. Posa imekubaliwa, wazee wameridhiana, kisha linakuja swali: "Na pete ya almasi?" Kijana anayeuza nguo pale Base Camp, au mwanafunzi wa chuo Mbarara, anakwenda kukopa. Nani kaliweka sharti hili?

Si Qur-aan, si Sunnah, wala si mila za babu zetu. Wameliweka wauzaji. Mwaka 1938 kampuni ya De Beers iliwaajiri watu wa matangazo wa Marekani, N. W. Ayer, wawafundishe watu kwamba mapenzi hupimwa kwa jiwe. Miaka ya 1980 matangazo yakamtaka mwanamume atoe mshahara wa miezi miwili. Mkimbizi ambaye mgao wake wa WFP ulipunguzwa kwa asilimia 30 Aprili 2020, kisha ukapunguzwa tena, mshahara huo autoe wapi?

Sisi tunaoishi na ndugu wa Kongo tuna sababu nyingine. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana Kisangani, mji wa biashara ya almasi, na mamia ya raia wakafa. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Milioni 60 kati ya hizo ni za maliasili, almasi ikiwemo. Muuzaji atakutajia cheti cha Kimberley. Mpango huo ulianza 2003, unahusu mawe ghafi yanayowagharimia waasi tu, na cheti chenyewe husafiri na shehena ya mawe ghafi. Hakiji na pete yako.

Watasema: "Pete si haramu." Hatukusema ni haramu! Mwenye uwezo ampe mchumba wake zawadi. Tunachopinga ni kuifanya sharti, huku mahari, ambayo ni haki ya mwanamke (Suratun-Nisaa, aya ya 4), yakibaki ahadi tu. Mtume (swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), kama alivyosimulia Sahl bin Sa‘d, alimtaka Sahaba asiye na kitu atafute japo pete ya chuma. Alipoikosa, alimwoza kwa Qur-aan aliyoihifadhi. Na pete hiyo ingekuwa mahari, si mapambo ya uchumba.

Akina mama, pigeni hesabu. Bangili ya dhahabu hununuliwa kwa uzito, na siku ya shida sonara ataipima tena. Almasi ndogo ukiirudisha dukani utapewa sehemu ndogo tu ya ulichotoa, ukimpata anayeitaka. Tena siku hizi zipo almasi halisi zinazotengenezwa maabara. Bei yake imeporomoka, na kwa macho matupu huwezi kuzitofautisha na za mgodini. Kama fedha ipo, binti akabidhiwe dhahabu yake mkononi kama mahari, mbele ya mashahidi, na uzito wake uandikwe kwenye cheti cha ndoa.