Filtri inayong'aa haipunguzi mazutu, na anayelipa ni abiria

Kasongo. Juzi nilipanda pikapu ya kwenda Kabambare. Tulikaa juu ya magunia, nami nilikuwa karibu na mama mmoja aliyekuwa anarudi kuangalia shamba aliloliacha wakati wa kukimbia. Kabla ya kuondoka, shofere alifungua kapo ya mbele ili tuone. Alikuwa ametoa sanduku la filtri ya hewa lililotoka kiwandani, akaweka filtri nyekundu yenye umbo la koni na bomba la alumini linalong'aa. Aliyemuuzia alimwahidi kwamba gari litapata nguvu na litakunywa mazutu kidogo. Bei ya nafasi ilikuwa imepanda. Mama alipouliza sababu, shofere akamjibu, "Nimetengeneza gari, mama."

Mimi si fundi wa magari. Lakini nimeuliza mafundi, nimesoma, na leo nasema wazi: kwa magari yetu na barabara zetu, hiyo ni pesa iliyotupwa. Isitoshe, inaweza kuua injini.

Tuanze na nguvu. Pikapu nyingi zinazotubeba huku ni Toyota Land Cruiser za mazutu zisizo na turbo, zile zenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Kwenye injini ya namna hiyo, nguvu inategemea mazutu ambayo pompi inapeleka kwenye silinda. Filtri ya kawaida ikiwa safi, hewa tayari inatosha. Ukipanua mlango wa hewa bila kugusa pompi, kinachobadilika ni sauti. Gari linanguruma, na shofere anadhani limepata nguvu. Na fundi akifungua pompi ili nguvu ije kweli, mazutu yanaenda mengi zaidi. Akiba iko wapi?

Kwa magari ya esansi ya kisasa, hali haiko mbali na hiyo. Kompyuta ya gari inapima hewa inayoingia na kuongeza esansi kulingana nayo. Mwaka 2009, watafiti wa maabara ya Oak Ridge huko Marekani walijaribu magari yenye filtri chafu na filtri safi. Kwa magari ya kisasa, ulaji wa esansi haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua kwa filtri chafu ni mwendo wa kuchapuka. Gari la zamani lenye kabureta ndilo lililoonyesha tofauti kidogo ya esansi. Basi kama filtri iliyoziba kabisa haiongezi ulaji, hii ya kungaa itapunguza nini?

Halafu kuna joto. Sanduku la kiwandani linavuta hewa ya nje. Koni iliyo wazi chini ya kapo inavuta hewa iliyopashwa na injini yenyewe. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo nguvu inaweza hata kupungua.

Jambo kubwa kwetu lakini ni vumbi. Injini ya lita 4.2 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inameza karibu lita 4,000 za hewa kila dakika. Hayo ni mapipa 20 ya lita 200. Wakati wa kiangazi, ukifuata lori kwenye udongo mwekundu, fikirieni ni vumbi kiasi gani linaingia humo. Filtri ya karatasi ndani ya sanduku lililofungwa vizuri inalishika. Filtri ya pamba inahitaji kuoshwa na kupakwa oili yake kwa kipimo. Ikikauka, vumbi laini linapita. Mchanga ukiingia unakwaruza silinda na kula pete za pistoni. Gari linaanza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu, halafu siku moja linakataa kabisa mlimani.

Kukataa kwa gari huku si jambo dogo. Likizimika katikati ya pori, ni wajawazito, wagonjwa na watoto wanaolala njiani, mahali ambapo wengi wetu tumeshakimbia mara moja au zaidi. Na kurekebisha injini kutalipwa na nani? Bei ya nafasi itapanda, na bei ya chumvi na sabuni sokoni itafuata.

Nisimwonee shofere. Yeye anatafuta kupunguza gharama, na mazutu ni ghali. Pia lipo bomba moja ambalo nalikubali: lile linalopanda kando ya kioo cha mbele hadi juu ya paa. Halileti nguvu, ila linachukua hewa mahali penye vumbi kidogo, na linasaidia kwenye maji. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia silinda yanakunja vyuma vya ndani. Lakini viungo vyake vyote vifungwe kabisa, la sivyo ni pambo tu.

Pesa ya koni ingenunua filtri za karatasi na vibano vipya vya bomba. Ipulizeni filtri kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, na msiioshe kwa esansi. Pitisheni kitambaa cheupe ndani ya bomba baada ya filtri: kikitoka chekundu, vumbi linaingia. Pimeni upepo wa matairi, punguzeni mzigo.

Na anayebisha apime mwenyewe. Ajaze tangi hadi juu, aende Kabambare na kurudi kwa mzigo uleule, ajaze tena na kuhesabu lita. Kisha abadilishe filtri na kurudia safari hiyohiyo. Akituonyesha lita alizookoa, nitaandika hapahapa kwamba nilikosea. Mpaka siku hiyo, mama yule wa juu ya magunia asilipishwe bomba linalong'aa.