Historia Inayozeeka Tigania
Hapa Tigania, kutoka Kianjai hadi Nchiru ni safari fupi ya matatu. Huko ndiko yaliko makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, na ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Ndiko pia ningetaka kituo cha utafiti wa historia ya kisasa. Sehemu ya historia hiyo imo kwenye maandishi: mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, yalifichuka 2011 kwa kuwa wazee waliopigania uhuru katika Mau Mau walikwenda mahakamani. Lakini Musa Mwariama, mpiganaji wa Mau Mau na mwana wa Tigania aliyetoka msituni 1963 bila kukamatwa, hayumo kwenye mafaili tu; yumo pia katika kumbukumbu za watu. Na akina nyanya waliowapelekea wapiganaji chakula usiku wamekaribia miaka mia. Mtafiti na aje na kinasa sauti, awasikilize kwa Kimeru chao. Aje mwaka huu.