Mtaala wa Nchi Asiyoijua



Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule sasa ni mtu mzima, huenda ana watoto wake wanaosoma. Yeye alisoma nini? Alifundishwa mtaala wa Kongo, nchi asiyopata kuiona, kwa Kifaransa, ilhali watoto wa vijiji vya jirani walisoma kwa Kiswahili.

Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998, kifungu cha 31, humpa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Ukiisoma ilivyo, ungedhani ataketi dawati moja na mtoto wa Mtanzania. Sera ikashika njia nyingine: afundishwe mtaala wa kwao, ili awe tayari kurudi. Sababu hiyo si ya kubezwa. Arudiye na cheti kisichotambulika kwao hulazimika kuanza upya. Hata Familia Takatifu ilikaa Misri ikingoja Herode afe. Ila huko Kongo, akiondoka Herode mmoja, huja mwingine, na wanaongoja wamezeeka kambini.

Nasi tuliwahi kutenda vingine. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na watoto wao wakasoma mtaala wa Tanzania. Zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao walipokuja kupewa uraia wetu, hawakuwa wageni wa lugha wala wa shule. Kenya na Uganda nazo huwafundisha wakimbizi mitaala yao ya kitaifa. Sisi, mwaka 2018, tulijitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwajumuisha wakimbizi, tukitaja usalama na ukosefu wa fedha. Kuhusu fedha, nakiri, wafadhili huahidi kuliko watoavyo.

Hata hivyo, mzazi apewe nafasi ya kuchagua. Atazamiaye kurudi karibuni amwache mwanawe katika mtaala wa kwao. Aliyekaa miaka mingi aruhusiwe kumpeleka katika mtaala wetu, afanye mtihani wetu na kupata cheti chetu. Kwa shule ya msingi sioni haja ya kutunga sheria mpya: kifungu cha 31 kimekuwapo tangu mwaka 1998.