Bahari Inaanzia Kilosa

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu swali moja: bahari inaanzia wapi? Wengi hujibu Bagamoyo, wengine Dar es Salaam. Ninapowaambia kwamba inaanzia Kilosa, hucheka. Wangesimama kando ya Mkondoa wakati wa masika, wasingecheka. Maji hupita mjini yakiwa mekundu kwa udongo wa milima ya Rubeho na Ukaguru. Mbele ya safari hukutana na Mkata, mto unaopita katika Hifadhi ya Mikumi, na kwa jina la Wami huingia Bahari ya Hindi karibu na Saadani.

Huko pwani mna vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo wanasayansi huviita fitoplanktoni. Hivyo ndivyo chanzo cha chakula cha bahari nzima: hulisha vidudu vidogo, navyo hulisha dagaa, nao hulisha samaki wakubwa. Rutuba ya mto huvistawisha, lakini tope likizidi huvinyima mwanga. Kwa hiyo, shamba linalolimwa hadi ukingoni mwa mto Kilosa linagusa kitoweo cha mvuvi ambaye mkulima hatamwona maisha yake yote.

Uhusiano huo unaweza kufuatiliwa kutoka angani. Klorofili iliyo ndani ya vijimea hivyo hubadili rangi ya bahari, na vipo vyombo vilivyotengenezwa kuipima: SeaWiFS kuanzia 1997 hadi 2010, MODIS tangu 2002, Sentinel-3 tangu 2016 na PACE tangu 2024. Takwimu zake hutolewa bure. Hata kumbukumbu za majira ya mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyoing'oa reli ya kati, bado zimehifadhiwa. Hata hivyo, katika vikao vya watumishi wa umma nilivyowahi kualikwa, sijaona hata mara moja picha ya mlango wa mto ikiwekwa mezani pamoja na taarifa ya ardhi. Ardhi ina ofisi yake, maji yana bodi yake, samaki wana wizara yao. Mto peke yake ndio usiotambua mipaka hiyo.

Sisemi kwamba setilaiti inajua kila kitu. Wakati wa masika, tunapoihitaji zaidi, mawingu huiziba. Karibu na mlango wa mto, tope linaweza kuhesabiwa kimakosa kuwa klorofili. Lazima mtu apande mashua, achote maji na kuyapima maabara, kisha alinganishe. Anayenunua kompyuta akasahau mafuta ya mashua amefanya nusu ya kazi.

Lipo jambo zito zaidi. Picha huonyesha tope. Haionyeshi kwato za nani wala jembe la nani. Kilosa imekwisha kuzika watu kwa ajili ya ardhi: Desemba 2000, zaidi ya watu thelathini waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Sitaki kuona takwimu za bahari zikigeuzwa hati ya kumfukuza mfugaji au mkulima mdogo, huku wenye mashamba makubwa na wakata mkaa wa biashara wakiachwa bila kuulizwa.

Ninapendekeza jambo dogo. Kila baada ya masika, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, Chuo Kikuu cha Sokoine na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar watoe kwa pamoja ukurasa mmoja wa Kiswahili: hali ya tope Mkondoa na Mkata, picha ya mlango wa Wami, na vipimo vya mashua. Ukurasa huo ubandikwe katika ofisi za kata kuanzia Kilosa na Mikumi hadi Saadani, wakulima, wafugaji na wavuvi wausome wenyewe. Wakishausoma, watakuwa na swali la kumuuliza diwani, na diwani atalazimika kulijibu.