Mtoto mwenye mtindio wa ubongo naye aendeshe treni

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hulishwa, hubebwa, huogeshwa na kugeuzwa. Tangu asubuhi hadi usiku mambo mengi anafanyiwa. Mzazi, jiulize: ni mara ngapi kwa siku yeye mwenyewe amefanya kitu, kikatokea?

Wiki hii nakuletea jibu la mzazi mmoja, nalo linahusu treni ndogo za kuchezea, zile zinazotembea kwa umeme juu ya reli zake.

Mwanamuziki Neil Young, mzaliwa wa Kanada aliyeishi miaka mingi California, Marekani, ana mtoto wa kiume mwenye mtindio mkali wa ubongo, asiyeweza kuongea. Baba alijenga reli kubwa ghalani, akitumia visiki vya miti kama milima. Tatizo likawa moja: treni hizo huendeshwa kwa vidole vyepesi, na mwanawe hakuwa navyo. Young akatafuta mafundi, wakatengeneza kitufe kikubwa ambacho kijana angeweza kukibonyeza. Kazi hiyo ilimfikisha mbali, hadi mwaka 1995 yeye na wenzake wakainunua Lionel, kampuni ya treni za kuchezea iliyoanzishwa mwaka 1900.

Hakusubiri mtoto aiweze treni. Aliibadilisha treni imuweze mtoto.

Ukitaka kujenga yako, anza na mtoto kabla ya reli. Meza iwe na nafasi ya magoti chini yake ili kiti mwendo kiingie, na reli ipite mahali anapoweza kuiona bila kuhangaika na shingo. Mkalishe vizuri kwanza, mgongo na miguu vikiwa vimeegemezwa, kwa sababu mtoto anayepambana asianguke hana nguvu ya kubonyeza. Mzunguko mmoja unatosha. Kitufe kiwekwe penye kiungo anachokimudu zaidi: mkono, kiwiko, hata kichwa.

Ndani ya nyumba wengi hutumia reli zenye upana wa milimita 16.5, ambazo hazichukui nafasi. Bustanini hutumika zaidi za milimita 45, zinazostahimili jua na mvua. Hizi kubwa humfaa mtoto mwenye uoni hafifu. Zijengwe juu ya tuta lililoinuliwa, maana aliyeketi hawezi kuinama hadi chini.

Usalama nao. Umeme wa kwenye reli ni mdogo, mara nyingi volti 12 hadi 24, lakini transfoma imechomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Ikae ndani, pakavu, mbali na mikono ya watoto. Kuunganisha nyaya kwa risasi kufanyike mtoto akiwa mbali, kisha osha mikono. Betri ndogo bapa, mfano wa kitufe cha shati, ni hatari kuliko zote: ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2. Ukishuku amemeza, kimbia hospitali. Na kama mtoto ana kifafa, usiweke taa za kumulika-mulika.

Treni hizi ni ghali, najua. Lakini hata ile ya betri ya dukani yaweza kufaa. Fundi redio anaweza kuivutia nyaya mbili hadi kwenye kitufe kikubwa kama kiganja. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuonyesha kiungo cha kutumia.

Siku ya kwanza, mwambie “bonyeza”, kisha nyamaza. Usimshike mkono, usimsaidie haraka. Amri kutoka kwenye ubongo wake inaweza kuchelewa kufika, na wewe ukimuwahi, treni inakuwa yako. Hesabu polepole hadi 20 ikibidi. Wadogo zake nao wasubiri. Zamu yake ni yake.