Tumwulize Mwanachuo Kama Amekula na Kulala

Karibu kila likizo hospitali yetu hupokea vijana wa vyuo wakiletwa na mama zao. Malalamiko hufanana: kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, tumbo linawaka, usingizi hauji. Tukipima malaria, hatuioni. Wengine wamekwisha kumeza dawa za malaria mara mbili au tatu, walizonunua dukani bila kupimwa. Mama huuliza, "Mbona mtoto anaumwa na vipimo havionyeshi kitu?"

Maoni yetu ni haya: wengi wao wana msongo wa mawazo, na sisi wazazi tuna sehemu yetu katika msongo huo.

Tuangalie maisha yao. Fedha za mkopo, wanazoziita bumu, zikichelewa au zikiisha mapema, kijana hupiga "pasi ndefu", yaani hula mlo mmoja alasiri ili umfikishe kesho. Mitihani ikikaribia hukesha kwa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, akiogopa kudisko. Anajua nyumbani ng'ombe aliuzwa kwa ajili yake na wadogo zake wanamtazamia. Akipiga simu, swali letu la kwanza ni, "Matokeo vipi?" Naye hujibu, "Salama tu, mama."

Mtu akiwa na hofu, mwili hutoa kichocheo kiitwacho adrenalini. Moyo hukimbia, misuli hukaza, tumbo huvurugika. Kwa saa chache huo si ugonjwa. Humsaidia mtu kukwepa hatari. Hofu ikidumu wiki nyingi, mwili huchoka, na maumivu yale huanza. Ni maumivu ya kweli, kijana hajisingizii. Lakini dawa ya malaria haitibu hofu ya ada.

Afanye nini? Kwanza, alale saa 7 hadi 9. Ubongo huyahifadhi mambo yaliyosomwa wakati mtu amelala. Anayekesha kila usiku anachota maji kwa pakacha. Pili, ale asubuhi, hata uji na karanga. Maharage, dagaa na mchicha humjenga kuliko chipsi za kila siku. Tumbo likiendelea kuwaka, apimwe: vidonda vya tumbo mara nyingi huletwa na bakteria, au na baadhi ya dawa za maumivu zikitumiwa muda mrefu, na vina tiba yake. Tatu, atembee au acheze mpira nusu saa kwa siku, na aanze kusoma tangu wiki ya kwanza ya muhula. Nne, asikae na shida peke yake. Amwone mshauri wa wanafunzi, padre wa chuo au rafiki anayemwamini.

Lipo jambo la kuogopa zaidi. Kijana akijitenga, akigawa vitu vyake, au akisema ni heri afe, tusimkemee kwamba hana imani, wala tusikimbilie kusema amerogwa. Tumwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake, na aletwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sisi tunaoandika haya tumesomesha pia, na tumekosea. Mtoto wetu mmoja alitueleza baada ya kuhitimu kwamba muhula mzima alikula mara moja kwa siku, akiogopa kutusumbua. Wauguzi wazima, tulisikia sauti yake kila Jumapili, na kila Jumapili tulimwuliza alama.

Basi, ndugu wazazi, Jumapili hii tukitoka kanisani tuwapigie watoto wetu simu. Tuwaulize wamekula nini na wamelala saa ngapi. Kisha tunyamaze kidogo, tuwape nafasi ya kujibu. Habari za mitihani tutaziuliza baadaye.