Kisasi cha wazee, damu ya vijana

Mtu akipita Bongwe jioni, baada ya sala ya Alasiri, hakosi kuwaona watoto wakicheza kauboi. Bua la mhindi ndilo farasi, kijiti cha mwarobaini ndiyo bunduki, na mwenye kofia ya ukili ndiye stelingi. Jambazi hupigwa akaanguka mchangani, akafa, kisha akainuka kwa kuwa zamu yake ya kuwa stelingi imefika. Ukiwauliza wanagombania nini, hakuna ajuaye. Wajualo ni kwamba huyu kampiga yule, basi yule hana budi kulipiza.

Mchezo huo si mgeni. Baba zao waliucheza vile vile, baada ya kutazama picha katika majumba ya sinema ya Mombasa au kwenye shuka jeupe lililotundikwa uwanjani usiku lilipokuja gari la sinema ya bure. Siku hizi picha huingia kijijini kwa simu za mkononi na kwa vibanda vya video, ambako bwana mmoja mwenye kipaza sauti huyatafsiri maneno ya Wazungu kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake mwenyewe. Mara nyingi chumvi yake ni tamu kuliko mchuzi.

Hatusemi picha za kauboi zipigwe marufuku. Wimbo huo umeimbwa tangu zamani na haujamzuia mtoto hata mmoja kuchungulia dirishani. Tulilo nalo ni jingine. Iko picha moja ambayo wengi huikumbuka kwa ngumi na risasi, ilhali kisa chake kinatuhusu sisi watu wa Kwale kuliko tunavyodhani. Nayo ni The Big Country, iliyotoka mwaka 1958, ikaongozwa na William Wyler, na kuchezwa na Gregory Peck, Charlton Heston na Jean Simmons.

Kisa ni hiki. Katika nchi kavu ya mifugo huko Marekani wako wazee wawili wenye ranchi. Mmoja ni Meja Terrill, tajiri mwenye jumba kubwa na nguo safi. Wa pili ni Rufus Hannassey, aishiye bondeni kwenye mawe pamoja na wanawe watukutu. Wamechukiana miaka mingi. Baina yao liko shamba la mwalimu wa kike, Julie Maragon, liitwalo Big Muddy, alilorithi kwa babu yake, na ndani ya shamba hilo unapita mto. Mwanamke huyo huwaruhusu wote wawili kunywesha ng'ombe wao. Lakini kila mzee anataka kulinunua shamba, si kwa sababu amekosa maji, bali ili mwenziwe ayakose.

Wana wa Hannassey wanamfanyia stihizai njiani mgeni wa Meja, aliyekuja kumposa binti yake. Mgeni mwenyewe hakukasirika; aliona ni utani wa vijana, kama ule afanyiwao baharia mpya chomboni. Lakini Meja alikuwa akingoja sababu, naye keshaipata. Akawakusanya makauboi wake, wakaivamia nyumba ya Hannassey wakati wanaume hawapo, wakawatisha wanawake na watoto, na matangi ya maji wakayatoboa kwa risasi. Tazama vizuri hapo, ewe msomaji. Katika nchi yenye kiu, bunduki zilielekezwa kwenye maji.

Sasa huyo mgeni, ambaye ndiye stelingi, si kauboi hata kidogo. Ni nahodha. James McKay ametoka baharini, na kila mwenyeji amwulizaye kama amewahi kuona kitu kikubwa kama nchi hii hana jawabu anapokumbushwa kwamba kuna bahari. (Sisi wa pwani tulistahili kucheka hapo kwa sauti kuliko watu wote duniani.) Wanamletea farasi mkorofi ampande mbele ya watu, anakataa, wakishaondoka anampanda peke yake, akaanguka mara nyingi, mwishowe farasi akatulia. Msimamizi wa ranchi anamwita mwongo mbele ya mchumba wake, naye hajibu. Usiku, watu wote wamelala, anakwenda kumgongea msimamizi huyo mlango, wakatoka uwanjani wawili tu wakapigana ngumi hadi wote wakachoka. Hakutaka mashahidi. Baba yake aliuawa katika pambano la bastola la kutetea heshima, na hata sababu ya pambano lile watu wameisahau.

Mchumba wake alimwona mwoga. Kusema kweli, hata baadhi yetu tulipoitazama mara ya kwanza tulimwona mwoga, kwani tulizoea stelingi wa aina nyingine. Katika Sholay, ile picha ya Kihindi ya mwaka 1975 ambayo mpenzi wa picha za Kihindi hahitaji kuelezwa, tulishangilia kisasi cha Thakur mwanzo hadi mwisho. Na hata huko India wakaguzi waliona haya: mwisho wa awali, ambapo Thakur anamwua Gabbar kwa miguu yake, ulibadilishwa, polisi wakaletwa kumkamata.

Kwa Waislamu habari ya wenye mifugo kuuana kwa kisasi haikuanza na Wamarekani. Waliosoma tarehe ya Waarabu kabla ya Uislamu wanavijua vita vya Basusi, baina ya Bakri na Taghlibi. Kulaibu, mkuu wa Taghlibi, alijitengea malisho, akampiga mshale ngamia jike aliyeingia humo. Jasasi akamwua Kulaibu kwa ajili ya ngamia huyo, na makabila mawili yaliyokuwa ndugu yakachinjana, kwa simulizi zao wenyewe, kiasi cha miaka 40. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika hotuba yake ya kuaga alivifuta visasi vyote vya damu vya zama za ujinga, na cha kwanza kukifuta kilikuwa kisasi cha jamaa zake mwenyewe. Alianza nyumbani kwake. Na sheria ya kisasi tuliyopewa ina hakimu, ina ushahidi, ina fidia, na msamaha ndani yake umesifiwa. Kundi la watu wenye panga usiku halikutajwa humo.

Tunayasema haya kwa kuwa usiku wa namna hiyo tumekwisha kuuona. Tarehe 13 Agosti 1997 kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua polisi, likachukua bunduki, kisha likawageukia majirani waliotoka bara. Moto ukaenea hadi huku kwetu Kwale. Katika wiki zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa, na maelfu wakakimbia nyumba na maduka yao. Tume ya Jaji Akiwumi iliposikiliza mashahidi, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002, ilionekana wazi kwamba vijana walikusanywa, wakaapishwa na kufunzwa msituni, katika mwaka wa uchaguzi. Waliambiwa kwamba wanaikomboa ardhi ya babu zao.

Ndiyo maana mzee wetu mmoja wa barazani, tulipomsimulia picha hii, alimkatiza msimulizi: "Ngoja, mwanangu. Huyo Meja, yeye mwenyewe alipigwa risasi lini?" Akajibiwa kuwa ni mwisho kabisa, baada ya wengine. Mzee akatikisa kichwa. Methali ya ndovu na nyasi haitoshi hapa, kwani nyasi haziapishwi wala haziambiwi zishike panga. Baada ya 1997 vijana wetu wengi walikamatwa, wako walioteswa, watalii wakatoroka, mahoteli ya Diani yakafunga milango, na aliyekuwa mpishi au mtunza bustani akarudi nyumbani mikono mitupu. Ardhi ikabaki pale pale ilipokuwa.

Atatokea wa kutuuliza: je, mwataka mtu anyang'anywe shamba naye akae kimya? La. Malalamiko ya ardhi ya pwani ni ya kweli. Wako watu waliozaliwa na kuzikwa mahali pamoja vizazi na vizazi bila hati, wakaitwa maskwota katika mchanga wa mababu zao. Hata maji: chemchemi za Marere katika Shimba Hills zinanywesha Mombasa kwa bomba tangu enzi ya Mwingereza, na Kinango pakavu bado mama huondoka alfajiri na dumu. Mwenye kuliona jambo hili dogo hajapata kulibeba dumu hilo. Lakini nahodha wetu naye hakukaa kimya. Alichukua dira, akaenda peke yake hadi Big Muddy, akazungumza na mwenye shamba, akapata mapatano kwa maandishi, na akaahidi kwamba pande zote mbili zitaendelea kunywesha. Waliokuwa wakimtafuta walidhani amepotea.

Jambo la maji kuwa ya wote halikuwa geni masikioni mwetu pia. Kwa mafunzo ya dini yetu maji, majani ya malisho na moto ni vitu ambavyo watu hushirikiana. Hata hivyo mwaka 2012, huko Tana River, Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji waliuana kwa ajili ya mashamba na zile njia za kuteremshia ng'ombe mtoni ziitwazo malka. Mwezi Agosti wengi waliouawa katika kijiji cha Riketa walikuwa wanawake na watoto. Septemba kikachomwa kijiji cha upande wa pili. Desemba vikarudi tena. Kila shambulio lilikuwa na jibu, na mto wenyewe ulikuwa ukipita kama kawaida.

Picha haikosi dosari. Inazungumza ardhi kwa muda wa karibu saa tatu bila kuwauliza Wahindi Wekundu, waliokuwako kabla ya wazee wote hao, wako wapi. Mmeksiko mmoja tu amepewa heshima kidogo, naye ni mtumishi wa farasi. Kwa mtu wa pwani hilo si dogo, na mwenye kibanda akilitaja katika kipaza sauti chake hatutamlaumu.

Lakini mwisho wake umetengenezwa kwa akili. Meja anawaamuru watu wake waingie korongoni, msimamizi anakataa, na kwa mara ya kwanza mzee anajikuta peke yake juu ya farasi. Anaingia hivyo hivyo. Mapenzi ya msimamizi kwake yanawavuta vijana wamfuate, risasi zinalia. Ndipo Rufus, ambaye punde tu alimwua mwanawe mwenyewe kwa kuvunja kanuni za pambano, anapowazuia wote na kumwita mwenziwe: ugomvi ni wetu wawili, tuumalize wawili. Wanakaribiana na bunduki, wanaanguka wote. Burl Ives aliyemcheza Rufus alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na ni haki yake.

Tungependa wenye vibanda vya Bongwe, Ukunda na Msambweni waionyeshe picha hii nzima, bila kuruka maneno ili kuzikimbilia ngumi, na wazee nao wahudhurie badala ya kuwaachia watoto. Ni ndefu. Ikianza baada ya Isha, saa mbili, itakwisha saa tano kasoro. Basi iwekwe Ijumaa, asubuhi yake hakuna shule.